Uchungu wa Kinoa Si Dawa

Mzee mmoja wa Ngamiani, mjini Tanga, alipimwa damu akakutwa na kisukari. Kliniki ikampa vidonge, ikamwambia apunguze wali na chai ya sukari, ikampangia tarehe ya kurudi. Vidonge alimeza. Wali ndio uliomshinda. Mtu aliyekula wali wa nazi tangu utotoni, ukimwekea bamia na kipande cha samaki bila punje ya wali, atanuna. Na akinuna baba mwenye nyumba, hata watoto hula kimyakimya.

Habari zikamfikia bintiye aliyeolewa Toronto, Kanada. Huko kinoa inapatikana madukani bila taabu, na alishasikia ikisifiwa kuwa inawafaa wenye kisukari. Alipompata mtu anayekuja Tanga, akanunua mfuko mkubwa. Mfuko wenyewe ulikuwa wa karatasi, akaona hautavumilia safari. Basi akaimimina kinoa katika makopo mawili ya maziwa ya unga, akayafunga vizuri, akamkabidhi msafiri. Mfuko, pamoja na maelezo yote yaliyochapwa mgongoni mwake, akautupa. Kwenye simu alisema maneno machache: "Mpikieni Baba kama wali. Itamsaidia sukari yake."

Kauli hizo mbili, "kama wali" na "itamsaidia sukari", ndizo zilizozaa yote yaliyofuata.

Mkaza mwana wa nyumba ile alikuwa fundi wa wali, na jirani wote walimjua kwa hilo. Alifungua kopo akakuta punje ndogo kuliko mtama, bapa kidogo, nyeupe iliyoingia umanjano. Akazimwaga kwenye sinia, akachambua, hakuona jiwe wala pumba. Akazitia katika kung'uto analooshea mchele, akafungua bomba. Punje zikaanza kupita matunduni na kuteremka na maji. Akashtuka: kitu kimetoka Kanada, kinaishia mferejini! Akafunga bomba upesi, akazikusanya zilizobaki, akazitia sufuriani.

Mama mkwe wake alikuwa amekaa kwenye mbuzi akikuna nazi. Akalitazama beseni lililokuwa chini ya kung'uto.

"Mwanangu, maji haya mbona yana povu? Mchele hauna povu."

"Wifi kasema ipikwe kama wali, Mama."

Mama mkwe akanyamaza, akaendelea kukuna. Jicho lake lilikuwa limeona sawasawa, ila hakutaka aonekane anamsahihisha mtu wa ughaibuni juu ya chakula cha huko.

Kinoa ikapikwa kwa tui. Ilipochemka, povu likapanda, likainua kifuniko, likamwagikia makaa. Ilipoiva, mkaza mwana akaonja kwa ncha ya mwiko. Ilikuwa chungu, na uchungu wenyewe haukuwa wa kuungua wala wa chumvi kuzidi. Ulibaki kooni hata baada ya kumeza. Akakamulia ndimu. Akaongeza chumvi. Uchungu ukabaki palepale.

Hapo ndipo jirani alipobisha hodi. Akaonja, akakunja uso, kisha akacheka. "Kumbe ndiyo maana inasaidia sukari! Chungu ndiyo dawa, shoga yangu. Mwarobaini mtamu? Karela tamu? Mpe mzee ale, usitie kitu."

Nyumba ikashusha pumzi. Chakula kilichoharibika kikawa dawa kwa neno la mpita njia. Mzee akaletewa sahani, akafumba macho, akala. Akala mchana, akala usiku. Tumbo likamsokota, jirani akasema huo ni uchafu unatoka. Koo likamkereketa; jirani akasema ndiyo dalili kwamba inafanya kazi. Na mzee, ambaye vidonge vilikwisha kumchosha, akajisemea kuwa dawa mbili kwa ugonjwa mmoja ni nyingi. Vidonge vikabaki kwenye droo.

Baada ya muda akaanza kuamka usiku mara kwa mara kwenda haja ndogo. Kiu haimwishi, macho yanaona ukungu. Siku ya kliniki ilipofika, kipimo kilisoma juu kuliko siku ile ya kwanza. Muuguzi akamwamkia, akamkalisha, akauliza kwa upole: "Baba, vidonge unameza?"

Mzee akamtazama mkewe, kisha akajibu: "Nakula kinoa."

Usiku ule wakampigia binti simu. "Lakini mliiosha?" akauliza. "Si ulisema kama wali?" wakamjibu. Akanyamaza, akaukumbuka mfuko alioutupa. Ulikuwa umeandikwa kwa herufi za kusomeka: ioshwe vizuri kabla ya kupikwa.

Kisa ndicho hicho. Sasa tukichambue, maana ndani yake mna makosa ya jikoni na makosa ya fikra, na ya fikra ndiyo yaliyomfikisha mzee pabaya.

Tuanze na lile povu. Kinoa si nafaka ya jamii ya nyasi kama mchele, ngano na mtama. Ni mbegu ya mmea ulio katika ukoo mmoja na mchicha, na asili yake ni milima ya Andes huko Amerika Kusini, hasa nyanda zinazolizunguka Ziwa Titicaca, kati ya Peru na Bolivia. Waaymara na Waquechua wameilima kwa maelfu ya miaka katika mahali pa baridi na ukame, penye kimo cha karibu meta 4,000 juu ya usawa wa bahari, ambako mahindi hayastawi. Ganda la punje yake lina kemikali iitwayo saponini. Ukiitikisa saponini katika maji hutoa povu la sabuni, ukiionja ni chungu, na ikiingia tumboni kwa wingi hulikereketa na kulivuruga.

Mmea una sababu ya kujipaka uchungu huo. Ndege huukimbia, na wadudu wengi pia. Mkulima wa Dodoma au Singida anayewinga kwelea kwelea kwenye shamba la mtama tangu alfajiri anaelewa faida yake upesi kuliko mtu wa mjini. Zipo aina za kinoa zisizo na uchungu mwingi, lakini ile inayosifika sana ya punje kubwa, inayolimwa kandokando ya uwanda wa chumvi wa Salar de Uyuni nchini Bolivia, ni ya jamii chungu. Wakulima wa kule waliukubali uchungu shambani kwa kuwa walijua namna ya kuuondoa nyumbani.

Na kuuondoa ni kazi. Kwa desturi, wanawake wa nyanda zile hukaanga punje kidogo ili ganda lilegee, kisha huzimimina katika jiwe lililochimbwa shimo na kuzikanyaga kwa miguu, pengine pamoja na udongo mweupe unaosaidia kusugua. Baadaye huzipeta kwenye upepo, huziosha maji baada ya maji mpaka povu likome, kisha huzianika juani. Siku hizi mashine zimepunguza mateso hayo: viwanda hukoboa, huosha na kukausha kabla ya kufungasha. Lakini mashine hazifanani, na punje iliyokobolewa bado huweza kubaki na vumbi la saponini. Ndiyo sababu mpishi mwangalifu huosha hata ile iliyoandikwa kuwa imeshaoshwa.

Sasa pima: kazi yote hiyo, kukaanga, kukanyaga, kupeta, kuosha, ilifupishwa ikawa "kama wali". Punje zilisafiri kutoka bara moja hadi jingine, ujuzi wa kuziandaa ukaachwa njiani.

Sisi wenyewe tunalo somo la aina hii, tena zito kuliko la kinoa. Muhogo mchungu ulitoka huko huko Amerika Kusini. Wazee wetu walijifunza kuuvundika, kuumenya, kuuanika na kuusaga, kwa kuwa ndani yake mna sumu ya sayanidi. Njaa ilipobana na hatua zikafupishwa, watu waliumia. Mwaka 1985, wilayani Tarime mkoani Mara, ukame uliwafanya watu waule muhogo mchungu bila kuuandaa kwa muda wa kutosha, na baadhi yao wakapooza miguu kwa ugonjwa unaoitwa konzo. Kinoa haina hatari ya kiasi hicho. Saponini yake huishia zaidi kwenye koo na tumbo. Hata hivyo kanuni ni ile ile. Chakula na matayarisho yake havitenganishwi, na anayekipokea kimoja bila kingine amepokea nusu.

Kosa la pili ni la jirani, nalo ni kubwa zaidi kwa sababu linaaminiwa na wengi. Imani ya kwamba dawa lazima iwe chungu haikuzuka hivi hivi. Kwinini ni chungu, na kweli imeponya malaria. Ajabu ni kwamba kwinini nayo ilitoka kwenye magome ya mti wa sinkona, mti wa milima hiyo hiyo ya Andes iliyotuletea kinoa. Mlima mmoja ukatoa uchungu unaotibu na uchungu unaofaa kufulia nguo, na ulimi hauwezi kuutofautisha huu na ule.

Kama ushahidi huo hautoshi, ikumbuke klorokwini. Kila aliyekulia Tanzania kabla ya mwaka 2001 anaukumbuka uchungu wake. Vijidudu vya malaria vilipoizoea, ikaacha kuponya, na mwaka huo serikali ikaiondoa kuwa dawa ya kwanza ya malaria. Siku ilipoondolewa ilikuwa chungu vile vile kama siku ilipokuwa ikiponya. Uchungu haukupungua hata chembe; kilichopotea ni tiba. Basi uchungu si kipimo cha dawa. Mara nyingi zaidi ni onyo: mmea unakuambia usinile, au usinile hivi nilivyo.

Mzee wa Ngamiani alilisikia onyo hilo kooni na tumboni, lakini alikuwa amepewa tafsiri ya kinyume. Kila dalili mbaya ikageuzwa kuwa habari njema. Hapa ndipo penye hatari ya tiba za kuambizana barazani: mgonjwa akipata nafuu, dawa imefanya kazi, akizidiwa, ugonjwa unatoka. Dai lisiloweza kukosea kwa hali yoyote halifai kuaminiwa juu ya afya ya mtu.

Sasa turudi jikoni, tuipike kama inavyotakiwa.

Weka punje katika bakuli pana, mimina maji baridi mengi, zisugue kwa viganja kama mtu anayefikicha. Maji yatageuka meupe na povu litaelea. Yamwage, usiyatumie kwa chakula chochote. Rudia mpaka maji yawe safi na povu lisitokee tena. Kung'uto la mchele halifai, kwa kuwa punje ya kinoa ina upana wa milimita 2 hivi na itapita. Tumia chujio la chai lenye matundu madogo, au kitambaa cheupe cha kuchujia tui. Kusanya pembe zake nne, chovya ndani ya maji, sugua, kamua. Hivyo hupotezi punje hata moja, na lile lililomtia mkaza mwana hofu linakwisha.

Utajuaje imetakata? Tia kijiko cha punje katika chupa safi yenye maji, funga, tikisa kwa nguvu. Povu likisimama, bado. Hata wataalamu wa kinoa hutumia kipimo cha namna hiyo: hutikisa punje na maji katika mrija, kisha hupima urefu wa povu. Njia nyingine ni kutafuna punje moja mbichi. Ulimi ukiona uchungu, rudi kwenye maji. Usitegemee ndimu, chumvi, sukari wala tui kuuficha uchungu baada ya kupika, uoshe kabla.

Ikishachuja maji, itie katika sufuria kavu juu ya moto mdogo, uigeuzegeuze dakika chache mpaka ikauke na kutoa harufu nzuri ya kukaangwa. Hatua hii si ya lazima, ila ladha yake utaiona. Kwa kikombe 1 cha kinoa tia vikombe 2 vya maji, au pungufu kwa robo kikombe kama punje bado zina unyevu, na chumvi kidogo. Yakichemka punguza moto, funika, acha kwa dakika 15. Kwa jiko la mkaa, toa baadhi ya makaa. Usipalie juu ya kifuniko kama ufanyavyo kwa wali. Utajua imeiva ukiona punje zimekuwa angavu na kila moja imeachia kiuzi cheupe kilichojipinda. Kiuzi hicho ni kiini cha mbegu, wala si mdudu, kama wengine wanavyodhani wakaimwaga. Epua, iache imefunikwa dakika 5 hadi 10, kisha ichambue kwa uma. Kinoa nyekundu na nyeusi ni ngumu kidogo, zinahitaji dakika chache za ziada. Ukizidisha maji utapata mashendea, na ukiiacha motoni bila kuitazama utapata ukoko.

Kikombe 1 cha punje kavu huzaa karibu vikombe 3 vilivyopikwa, kwa hiyo pima kabla ya kutia. Inayobaki usiiache juani jikoni mpaka jioni. Joto la pwani huiharibu upesi. Ipoe, iingie kwenye jokofu. Wanaopenda ladha ya nazi watie tui jepesi mahali pa sehemu ya maji, na kwa mgonjwa walitie kwa kipimo. Inakubaliana na mchicha, kunde, dagaa wa kuchemsha na mchuzi wa samaki.

Na ile kauli ya pili, "itamsaidia sukari"? Ina ukweli ndani yake, ila ukweli wa nusu. Gramu 100 za kinoa iliyopikwa zina gramu 21 hivi za wanga, dhidi ya 28 hivi za wali mweupe. Protini yake ni gramu 4 na zaidi, ya wali haifiki 3, na nyuzinyuzi zake zinaupita wali mbali. Ina pia asidi amino zote muhimu ambazo mwili hauwezi kujitengenezea, ikiwemo laisini iliyo haba katika mahindi. Kwa hiyo ni chakula bora. Lakini gramu 21 za wanga ni wanga. Mwenye kisukari akijaza sahani ya kinoa kwa kuwa ameambiwa ni dawa, sukari itapanda. Mahali pake ni robo ya sahani. Robo nyingine samaki, kuku au maharage, na nusu iliyobaki mboga za majani. Hakuna chakula, kitamu au kichungu, kinachoshika nafasi ya vidonge alivyoandika daktari.

Tena tusisahau kwamba kinoa ya kuagiza ni ghali. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Ulezi, uwele na mtama vimo sokoni, havina haja ya ndege, na ukivila visivyokobolewa pamoja na kunde au choroko, mwili wako utapata sehemu kubwa ya kile unachokitafuta kwenye kopo la Toronto. Anayeweza kununua kinoa na anunue kwa sababu anaipenda. Asiyeweza asijione amenyimwa uzima.

Lawama za kisa hiki zinagawika. Binti alijua kuosha lakini hakusema. Mkaza mwana alikuwa na simu mkononi na hakuuliza. Mama mkwe aliona povu akameza neno lake. Jirani alikipa maana kitu asichokijua. Mzee aliacha vidonge bila kumshauri aliyempa. Laiti angalau mmoja wao angefanya lake, mengine yasingetokea. Kuuliza si ujinga, na mwenye kuona povu ana haki ya kusema hata kama chakula kimetoka ng'ambo.

Basi wewe unayetuma chakula nyumbani, tuma na maelezo yake, hata kwa ujumbe wa sauti. Wewe unayekipokea, uliza kinaandaliwaje kabla ya kuuliza kinatibu nini. Kinoa ioshe mpaka povu liishe, ipike kwa kipimo, ile kama chakula. Na vidonge vya kisukari meza kila siku kama ulivyoandikiwa. Anayeweza kukuambia uviache ni daktari wako peke yake.